Wiki Mbili za Maji ya Vuguvugu

Hii ninayowapa hamtaiamini, na wala sitawalaumu. Mimi mwenyewe, niliyezaliwa hapa Tumul, kijiji chetu cha Wasakha huku kwenye baridi ya kaskazini, na kuona mengi kuliko wazee watatu ukiwaunganisha, niliposimuliwa mara ya kwanza nilicheka mpaka chai ikanitokea puani. Kisha nikawauliza wote waliokuwepo, mmoja mmoja, kama polisi, na wote wakasema maneno yale yale. Basi ni kweli. Mtu aliyejaliwa shemeji kama Balbaara hana haja ya kununua redio.

Balbaara ni mke wa kaka yangu mkubwa, Suoder. Ni mwanamke mfupi, mpana, na akishavaa makoti yake yote matatu, ukimwona kwa mbali kwenye ukungu wa baridi utadhani rundo la nyasi limechoka kukaa mahali pamoja likaamua kwenda kutembea. Miaka thelathini na mmoja alikamua ng'ombe kwenye shamba la ushirika, asubuhi na jioni, mpaka shamba lenyewe likafa yeye akabaki. Vidole vyake vimekunjika kwa kazi ile na havijanyooka tena. Akikupa mkono wa salamu, jiandae, maana hajui kushika bila kukamua. Ukimuuliza ana miaka mingapi atakwambia hakumbuki, lakini umri wa ng'ombe wake atakutajia mpaka siku.

Na ng'ombe mwenyewe ndiye Ereen.

Huyu Ereen ni wa ile mbegu yetu ya zamani, mfupi, mwenye mabaka meupe na meusi, manyoya mengi mpaka kwenye kiwele, miguu kama ya meza. Nyanya wa Balbaara aliletwa kwa mumewe akiwa amekaa juu ya farasi, na nyuma ya farasi alifungwa mtamba mwenye mabaka. Mtamba yule akazaa, aliyezaliwa akazaa, ikawa hivyo jike kwa jike, mama kwa binti, ng'ombe nao mama kwa binti, mpaka wakafika Balbaara na Ereen. Hapo mstari ukakwama. Ereen alizaa madume matupu. Mwaka juzi akazaa ndama mfu. Mwaka jana hakushika mimba kabisa, maziwa yakakauka, na sasa ana miaka kumi na mbili. Ukimwondoa yeye, ukoo mzima umefutika, umebaki kwenye mazungumzo tu.

Ndani ya banda walikuwa wawili. Mwenzake alikuwa ng'ombe mwekundu wa kisasa, mkubwa, mwenye maziwa mengi na akili kidogo. Maziwa ya nyumba yalitoka kwake. Kwa hiyo kiangazi kile mvua ilipogoma kukatika, malisho yakajaa maji na nyasi zikaozea shambani, kila mtu alijua nani kati ya wale wawili angekosa chakula.

Suoder si mtu mbaya. Aliendesha trekta maisha yake yote, ni mtu wa maneno machache, na akishaweka jambo kichwani hulitoi hata kwa mtaimbo. Mwezi wa kumi, nyasi zilipokuwa zimerudishwa nyumbani, alizunguka rundo mara mbili, akarudi ndani, akavua kofia.

"Zinatosha mmoja na nusu," akasema.

"Basi mmoja atakula vizuri na mwingine atakula nusu," Balbaara akajibu, anageuza chapati za maji kwenye kikaango. Ya kwanza aliitupa motoni, kama tunavyofanya, moto nao ule kwanza.

"Ng'ombe anayekula nusu hafiki Mei."

"Ereen ana mimba, Suoder."

"Umeanza."

"Nimeona kwa macho yangu. Wakati wa kukata nyasi. Fahali wa Maappa alivunja uzio akaja."

"Fahali wa Maappa alikuja kula maua. Nilimwona na mimi. Alikula, akalala."

"Wewe ulilala. Yeye hakulala."

Hapo Suoder aligeuzageuza kofia mkononi, kwa sababu kweli alikuwa amelala. Lakini kulala kwake hakukuthibitisha kitu. Daktari wa mifugo ana wilaya nzima mikononi, na barabara ya kuja kwetu kabla mto haujaganda sawasawa si ya kumwita mtu. Ikabaki neno la Balbaara, na neno la Balbaara kuhusu Ereen ni kama neno la mama kuhusu mwanawe aliyefeli shule.

Wakakubaliana hivi. Baridi ikishakaza, mwezi wa kumi na mbili, mimba kama ipo itakuwa imepita miezi mitano. Ndama wa umri huo hucheza. Asubuhi mapema, ng'ombe akishakunywa maji kabla hajala, ukisimama upande wa kulia ukaweka ngumi chini ya ubavu, karibu na paja, utamsikia. Hilo kila mtoto wa Kisakha analijua kabla hajajua kusoma.

"Nikimsikia kwa mkono wangu mwenyewe," Suoder akasema, "nyasi nitazitafuta mimi, hata nikizifuata kwa miguu. Nisipomsikia mpaka Jumamosi ya kabla ya mwaka mpya, namwita Uibaan."

Uibaan ni jirani yetu, mchinjaji. Mtu mchangamfu sana kwa kazi yake.

Balbaara akasema sawa. Alikuwa na uhakika wote. Akala chapati tatu.

Sasa, mwanamke yule ana hofu moja tu duniani, nayo ni barafu ya ziwani. Sio kwa ajili yake. Sisi ng'ombe wetu wakati wa baridi tunawapeleka ziwani mara moja kwa siku wakanywe kwenye tundu lililotobolewa kwenye barafu, hatua mia tatu kwenda na mia tatu kurudi. Maji yanayomwagika pembeni ya tundu yanaganda papo hapo, panakuwa kama kioo kilichopakwa mafuta. Mwaka ule ndama alipozaliwa mfu, Ereen alikuwa ameteleza pale, akaangukia tumbo. Balbaara alimnyanyua mwenyewe, na tangu siku ile hajawahi kulisamehe lile ziwa.

Kwa hiyo safari hii alijiamulia kimyakimya. Yule mwekundu aende ziwani na Suoder. Ereen atabaki bandani, na maji atayanywa huko huko, kwenye ndoo.

Maji yatoke wapi? Hapo ndipo penye kisa.

Nje ya mlango wa kila nyumba hapa kuna kichanja, na juu ya kichanja kumepangwa vipande vya barafu, vikubwa kama mito ya kulalia, vyeupe, safi, vimekatwa kwenye ziwa la mbali lisilokanyagwa na mifugo. Hayo ndiyo maji yetu ya kunywa mpaka majira ya kuyeyuka. Unaingiza kipande kimoja ndani, unakitia kwenye pipa karibu na jiko, kinageuka chai. Mwezi wa kumi na moja ule Suoder alikata vipande themanini na sita, akavipanga vizuri mpaka ukimwambia mtu ni ukuta wa kanisa hakatai. Mimi enzi zangu nilikata mia mbili kwa siku moja, na mkono mmoja ukiwa na jipu, lakini tuyaache hayo.

Balbaara akawa anachukua kutoka nyuma ya kichanja, upande usioonekana kutoka njiani, na Suoder akadhani maji ya ndoo anayachota kwenye tundu la ziwani. Kipande kimoja asubuhi, siku nyingine viwili. Anakiyeyusha, na kwa kuwa huwezi kumpa mzee wa watu maji ya baridi kwenye baridi ile, anayapasha mpaka mkono uyasikie vizuri. Wakati mwingine alitia na pumba kidogo na chumvi. Ereen alikuwa anakunywa kwa macho yaliyofumba, kama mzee kwenye birika lake. Maskini hakuwahi kutunzwa namna ile tangu azaliwe.

Halafu anakuja Suoder na taa. Nje ni hamsini na mbili chini ya sifuri, pumzi inaganda hata kabla hujamaliza kuitoa, lakini bandani mna joto la ng'ombe na harufu yake. Suoder anavua glavu, anaweka ngumi kwenye ubavu wa kulia, anainamisha kichwa kama fundi anayesikiliza injini.

"Ameshakunywa?"

"Ameshakunywa. Ndoo nzima."

Anasikiliza. Balbaara naye hapumui.

"Nasikia tumbo linanguruma," Suoder anasema.

"Huyo ndiye."

"Hiyo ni pumba."

Asubuhi ya pili vile vile. Ya tatu, ya nne. Balbaara akaanza kuweka mkono wake mwenyewe, mchana, jioni, anaposafisha samadi, anapopita tu. Hakuna. Tumbo la Ereen lilikuwa kubwa, limejaa, limetulia kama ziwa lenyewe. Siku ya saba alijaribu kumsemesha. Alimwambia sikioni kwamba hawa wanaume hawana subira, na kama kuna mtu humo ndani basi ajitokeze, hata kidogo tu, baadaye aendelee kulala. Maappa, jirani mwenye yule fahali, alikuwa amekuja kuazima ungo akamkuta anaongea.

"Unaongea na nani, dada?"

"Na mjukuu."

"Anajibu?"

"Ana kiburi. Ametokea upande wa fahali wako."

Maappa alicheka, akamwangalia Ereen kiunoni, kisha akaona kile kifuko cha ngozi ya sungura ambacho Balbaara alimshonea kufunika kiwele wakati wa baridi. Ng'ombe wetu wote wanakivaa wakitoka nje, vinginevyo chuchu zinaganda. Lakini Ereen hatoki nje, na hana maziwa.

"Na sidiria ya nini sasa? Anakwenda harusini?"

"Atakuwa na maziwa Aprili."

"Mh," Maappa akasema. Akachukua ungo akaenda. Ile "mh" ilibaki bandani siku nzima.

Siku ya kumi Balbaara alianza kulala vibaya. Sio kwamba aliamini kashindwa. Ila alianza kufikiri kwamba pengine alichokiona kiangazi alikitaka sana mpaka akakiona. Mtu aliyekamua miaka thelathini na mmoja, akianza kutilia shaka macho yake mwenyewe kuhusu ng'ombe, anabakiwa na nini? Alikuwa akikaa jikoni, kisu mkononi, anaparuza samaki mbichi aliyeganda, vipande vyembamba vinajikunja kama maranda ya seremala, na Suoder anakula kwa chumvi, hakuna anayemwangalia mwenzake.

Suoder naye hakufurahia. Msimfikirie vibaya. Alikuwa ameshatafuta maneno ya kumwambia binti yao aliyeko mjini Yakutsk, kwamba atamletea nyama ya mwaka mpya, na asimuulize mama yake ni nyama ya nani.

Siku ya Ijumaa, kesho yake ikiwa ndiyo ile Jumamosi, Suoder alitoka kuchukua barafu ya chai. Upande wa mbele wa kichanja vipande vya juu vilikuwa vimepungua. Akazunguka nyuma avute vya nyuma. Hakukuwa na nyuma. Kulikuwa na ukuta wa mbele tu, unene wa kipande kimoja, umesimama wenyewe kama uso wa nyumba iliyoungua.

Aliingia ndani bila kukung'uta viatu.

"Balbaara."

"Nakusikia."

"Nilikata vipande themanini na sita."

"Ulifanya kazi nzuri."

"Viko hamsini na kitu. Ni mwezi wa kumi na mbili. Sisi tuko wawili. Umekuwa unaoga mara ngapi?"

Balbaara alijifuta mikono kwenye aproni, polepole, kidole kimoja kimoja.

"Alikunywa Ereen," akasema.

"Barafu ya kunywa? Ya ziwa la mbali?"

"Pale tundu panateleza, Suoder. Unajua."

"Unampa ng'ombe barafu ya chai."

"Nilikuwa naichemsha kidogo tu."

Suoder aliketi. Kofia ilikuwa imeganda kichwani, mvuke unamtoka mabegani. Kisha akasema taratibu, bila hasira, na ndiyo ikawa mbaya zaidi, "Kuanzia sasa hakuna kipande kitakachotoka kwa ajili ya ng'ombe. Kesho Uibaan anakuja. Yaishe."

Jioni ile Ereen hakupewa maji.

Jumamosi asubuhi Uibaan alifika na jua, maana yake saa nne, uso mwekundu, nyusi nyeupe kwa barafu, kisu kimefungwa kwenye kitambaa kifuani kisije kikaganda. Akapewa chai na siagi. Akala chapati tano, akasifia kila moja.

"Haya, wapi bibi harusi?" akauliza.

"Ukisema tena hivyo nitakumwagia chai," Balbaara akamwambia.

"Shangazi, mimi nachekesha tu. Nyumba imepoa."

"Imepoa kwa sababu uliacha mlango wazi."

Uibaan akaenda kufunga mlango, na akanyamaza kwa mara ya kwanza tangu abatizwe. Balbaara akasimama, akavaa koti la kwanza, la pili, la tatu.

"Unakwenda wapi?" Suoder akauliza.

"Ziwani. Hajanywa tangu jana. Ng'ombe wangu hafi na kiu."

"Balbaara, hakuna haja..."

"Umeninyima barafu. Ziwa hujaninyima. Nanyi mkitaka kukaa, kaeni. Chapati zipo."

Hakuna aliyekaa. Tundu hufunga barafu upya kila usiku na lazima livunjwe kwa mtaimbo, na Suoder hakuweza kumwacha mkewe akavunje peke yake kwa ajili ya jambo lile. Uibaan naye alijiona mjinga kubaki na chapati. Wakatoka wote watatu, na Ereen katikati, amevaa sidiria yake ya sungura, amefungwa gunia mgongoni, anatembea kwa heshima kama mtu anayepelekwa kanisani. Ukungu ulikuwa mzito hivi kwamba Suoder aliyetangulia na mtaimbo alisikika tu. Theluji ililia chini ya miguu yao. Ndivyo inavyofanya baridi ikipita hamsini.

Pale tundu Balbaara alimwaga majivu ya jiko, ndoo nzima aliyoibeba mwenyewe, kwenye ile barafu ya kioo. Akamwaga mpaka pakawa peusi. Ereen akaweka mguu, akaujaribu, akaweka wa pili. Suoder alivunja, tang, tang, tang, akakwangua vipande kwa koleo, maji meusi yakajitokeza yanafuka mvuke kama sufuria.

Ereen alikuwa na kiu ya usiku mzima. Akashusha kichwa, akanywa. Hakuinua. Alikunywa yale maji ya chini ya barafu, baridi ya kukata meno, akaendelea kunywa mpaka ungeweza kuona shingo yake inavyopanda na kushuka. Balbaara alikuwa amesimama upande wa kulia. Alivua glavu. Hakuwa anapima kitu tena, amesema mwenyewe. Alitaka tu kumgusa mara ya mwisho kabla hawajarudi, mahali pale pale alipokuwa anamgusa siku zote.

Teke lilimpiga kiganjani.

Alidhani ni vidole vyake vinakufa ganzi. Likapiga tena, zito, limekasirika kabisa, likafuatiwa na kitu kama kiwiko kinachojinyoosha kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Manyoya ya ubavuni yalitikisika, barafu iliyoshika kwenye ncha zake ikadondoka.

Balbaara alimfuata Suoder, akamnyang'anya mtaimbo, akautupa, akamvua glavu kama anamvua mtoto, akauvuta ule mkono mpaka ubavuni.

"Unanigandisha," Suoder akasema.

"Nyamaza."

Mkono wazi kwenye hamsini na mbili hauwezi kukaa sana. Ulikaa. Kisha uso wake wote, unajua uso wa kaka yangu, hausogei hata kwenye msiba, ukaanza kusogea.

"Uibaan," akaita. "Hebu njoo hapa."

Uibaan akaja, akavua glavu, akaweka mkono chini ya mkono wa Suoder.

"Yesu wangu," akasema. "Huyu anagonga mlango. Anasema mmenimwagia nini humu ndani."

Na hapo ndipo wote watatu, wamesimama na mikono mitatu kwenye ubavu wa ng'ombe mmoja kama watu wanaoapa, walipoelewa. Ndama ndani ya tumbo akisikia baridi ya maji inashuka ndipo anapiga. Ndio maana wazee walisema usikilize baada ya kunywa. Lakini wazee hawakuwahi kumjua mtu wa kumnywesha ng'ombe maji ya vuguvugu na pumba na chumvi. Wiki mbili yule ndama alikuwa amelala kwenye hodhi ya maji ya moto. Angepiga teke la nini?

"Nilikuwa namnywesha chai," Balbaara akasema. Machozi yalikuwa yameshaganda kwenye kope. Alizibana kwa vidole zisigandane. "Mimi mwenyewe ndio nilikuwa namficha."

"Na mimi kila siku nakuja na ngumi yangu," Suoder akasema.

"Nilikwambia ana mimba."

"Ulisema."

"Nilikwambia wewe ulilala na fahali hakulala."

"Vaa glavu, Balbaara. Vidole."

Uibaan akalalamika kwamba alikinoa kisu tangu alfajiri na sasa akirudi nacho kikavu mkewe atamcheka. Balbaara akamwambia kuna gunia la samaki walioganda nyuma ya mlango, aparuze mpaka kisu kiridhike. Akaparuza. Walikula samaki mpaka jua likazama, maana yake saa tisa, wakanywa chai ya maziwa ya yule mwekundu, na kipande cha kwanza cha kila kitu kikaenda motoni.

Suoder naye aliitimiza ahadi yake. Jumatatu aliwasha moto wa kuni chini ya tumbo la trekta, akalipasha kwa saa mbili nzima mpaka likakubali kukohoa. Akapakia magunia manane ya samaki, yale yale aliyoyavua na kuyapenda kuliko sisi ndugu zake, akavuka mto uliokwishaganda mpaka kijiji cha ng'ambo ambako mvua haikuwaonea. Alirudi baada ya siku mbili na tela limejaa nyasi za kijani, zinanukia kiangazi kizima. Balbaara aliingia ndani ya zile nyasi mpaka kiunoni, akachukua konzi moja, akanusa, akasema ni nzuri ila zimechelewa kukatwa kidogo. Suoder akasema asante.

Tangu siku ile Ereen alikwenda ziwani kila asubuhi, kwenye njia ya majivu. Njia ilikuwa pana, nyeusi, imenyooka kutoka bandani hadi tundu, na Balbaara aliitunza kuliko sakafu yake. Watu walianza kumpelekea majivu yao. Maappa alileta ndoo mbili, akaziweka mlangoni, akasema zilikuwa zinamjazia nafasi tu. Kila asubuhi, Ereen akishakunywa, mwanamke yule mfupi anavua glavu, anapigwa teke lake, anavaa glavu, anarudi nyumbani amechangamka. Januari ilipita hivyo, na ndiyo Januari ambayo ndege wanadondoka kama mawe. Februari jua likaanza kukaa angani kwa muda wa kutosha mtu kulitazama. Kiwele cha Ereen kikaanza kujaa, na ile sidiria ikabidi ifumuliwe na kuongezwa kipande.

Machi tarehe ishirini na nane, asubuhi, barafu za paani zinaanza kudondosha matone upande wa jua, Ereen alilala chini akakataa kwenda ziwani. Balbaara akajua. Alifunga milango, akawasha jiko, akatandika nyasi za ng'ambo, akakunja mikono ya nguo mpaka kwenye mabega. Kazi ilikuwa fupi. Miguu miwili, pua, kichwa, halafu yote kwa pamoja. Akamfuta uso kwa aproni, akainua mkia, akatazama, akatazama tena, akakaa chini palepale kwenye nyasi.

"Suoder," akaita. "Ni jike."

Mabaka meupe na meusi. Wakambeba ndani ya nyumba, kama desturi, wakamweka karibu na jiko. Na hapo sasa ndipo pa kustaajabisha, maana ndama yule hakuwa ndama wa kawaida, nilimshika kwa mikono yangu hii, kilo sitini kamili, miguu kama nguzo za simu, hata hajalambwa vizuri akasimama mwenyewe, akazunguka meza mara mbili, akasogea mpaka kwenye pipa la maji, na nawaapia, akaweka mguu ndani kwanza kupima kama ni ya vuguvugu, halafu akanitazama mimi akafungua mdo...

"Shemeji," Balbaara akanikatiza kutoka pembeni ya jiko, hapa tulipokaa, hata hakuinua kichwa kutoka kwenye unga anaoukanda, "siku ile wewe ulikuwa Yakutsk kung'oa jino. Na alikuwa kilo kumi na tisa. Nilimpima mwenyewe kwa mizani ya samaki."

Kumi na tisa, sawa, lakini hiyo ni akiwa mkavu, shemeji, maana ndama akishakaushwa anapungua, na mizani ile ya samaki ina kutu upande wa...

"Shemeji."